Spektroskopia ya Leza katika Uchunguzi wa Magonjwa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maelezo haya yameandikwa kwa ajili ya wagonjwa, ndugu wanaowasindikiza hospitalini, wanafunzi wa maabara, na yeyote aliyesikia kwamba siku hizi mwanga unapima ugonjwa akabaki na maswali. Anayeyaandika ni mtu wa maabara. Ningependa msomaji awe na maswali matatu ya kukiuliza kila kifaa kinachodai kusoma mwili kwa mwanga: kinatumia mwanga gani, kinatafuta molekuli gani, na majibu yake yamelinganishwa na kipimo gani kinachoaminika?

Spektroskopia ni nini hasa?

Zima taa chumbani usiku, washa tochi ya simu, kisha iziba kwa ncha ya kidole. Tochi inatoa mwanga mweupe, lakini kidole kinaonekana chekundu. Nyama ya kidole haikuongeza rangi yoyote. Hemoglobini iliyomo kwenye damu imefyonza sehemu kubwa ya mwanga wa kijani na wa buluu, na mwekundu ndio uliobaki ukapenya hadi upande wa pili. Hapo umeshafanya spektroskopia bila mashine: umetuma mwanga unaoujua, umetazama uliotoka, na tofauti kati ya hizo mbili imekueleza kilichomo ndani.

Maabara hufanya jambo hilohilo kwa umakini mkubwa zaidi. Kifaa kinachoitwa spektromita huutenganisha mwanga rangi kwa rangi, kama matone ya mvua yanavyoutenganisha kwenye upinde wa mvua, kisha hupima ukali wa kila rangi. Molekuli huufanyia mwanga mambo makuu matatu: huufyonza, huufyonza na kuurudisha ukiwa na rangi nyingine (hali inayoitwa fluoresensi), au huutawanya. Kila molekuli ina namna yake, na namna hiyo ndiyo tunayoisoma.

Kwa nini itumike leza, wakati taa ya kawaida nayo inatoa mwanga?

Kwa sababu mwanga wa leza una rangi moja iliyo safi, huenda kwa mstari mwembamba, na unaweza kukusanywa kwa lenzi hadi kwenye doa dogo kuliko seli moja ya damu. Ukitaka kujua kwamba mwanga umebadilika rangi kidogo sana baada ya kugusa tishu, sharti ule uliouingiza uwe na rangi moja tu. Vinginevyo hutaweza kutofautisha mabadiliko na mchanganyiko uliokuwapo tangu mwanzo. Leza ya kwanza iliwashwa na Theodore Maiman huko Malibu, Marekani, tarehe 16 Mei 1960, kwa kutumia fimbo ya rubi iliyotoa mwanga mwekundu wa nanomita 694 (nanomita ni kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga, na kila rangi ina urefu wake).

Hata hivyo, vipimo vingi vizuri vya mwanga havina leza ndani yake, na nitavitaja hapa pale vinaposaidia kueleza jambo.

Njia ya Raman inayotajwa sana ni ipi?

Mwaka 1928, mjini Calcutta, mwanafizikia wa India C. V. Raman alionyesha kwamba mwanga unapotawanywa na kimiminika, sehemu ndogo sana yake hurudi na rangi iliyobadilika kidogo. Alianza kwa mwanga wa jua uliochujwa, maana leza ilikuwa bado haijazaliwa, na mwaka 1930 alipewa Tuzo ya Nobel. Sababu ya mabadiliko hayo ni kwamba vifungo vya kemikali ndani ya molekuli hutikisika muda wote, kila kifungo kwa mdundo wake, na fotoni, yaani chembe moja ya mwanga, inayokutana na mtikisiko huo huacha au huchukua nishati kidogo. Ukipanga mabadiliko hayo kwenye mchoro, unapata milima midogomidogo: mafuta yana milima yake, protini zina yake, na asidi amino ya fenilalanini ina mlima mwembamba karibu na alama 1003 (namba inayoonyesha rangi imehama kiasi gani) ambao aliyezoea kusoma tishu huutambua kama anavyotambua sura ya jirani.

Uzuri wa njia hii ni kwamba sampuli haihitaji kutiwa rangi wala vitendanishi. Tone la damu, kipande cha tishu au mate huwekwa chini ya lenzi kama yalivyo.

Ugumu wake ni kwamba ishara yenyewe ni hafifu mno, takriban fotoni moja tu kati ya kila milioni 10 zinazotawanywa. Zaidi ya hapo, tishu nyingi hutoa fluoresensi inayoifunika ishara hiyo kama muziki wa harusi ya jirani unavyofunika mnong'ono. Ndiyo maana wengi wetu hutumia leza ya nanomita 785, iliyo ukingoni mwa uwezo wa jicho kuona, badala ya ile ya kijani ya nanomita 532: ya kijani hutoa ishara ya Raman yenye nguvu zaidi, lakini huamsha pia fluoresensi nyingi. Njia nyingine ni kuweka sampuli juu ya chembechembe za fedha au dhahabu, ambazo huikuza ishara maradufu mara nyingi sana. Jambo hilo lilionekana kwanza mwaka 1974 katika Chuo Kikuu cha Southampton, Uingereza, kwenye kipande cha fedha kilichokwaruzwa kwa umeme.

Hapa nieleze kitu ambacho mgonjwa hakioni. Kila asubuhi, kabla sampuli ya mtu yeyote haijafika kwenye mashine, tunaweka chini ya lenzi kipande cha silikoni kidogo kuliko ukucha wa mtoto. Silikoni ina mlima mmoja mkali kwenye alama 520.7, nao haubadiliki leo wala kesho. Ukionekana kwenye 519, basi mashine imehama, labda kwa sababu chumba kilipata joto usiku baada ya kiyoyozi kuzimika, na hakuna sampuli itakayosomwa hadi hali hiyo irekebishwe. Mhudumu asiyeweza kukueleza mashine yake inasahihishwa kwa kitu gani hastahili kukupa majibu ya ugonjwa.

Je, kuna vipimo vya leza ambavyo tayari vinatumika hospitalini?

Vipo, na huenda wewe mwenyewe umeshapimwa bila kujua. Mfano ulio karibu nasi zaidi Afrika Mashariki ni kipimo cha CD4, yaani cha kuhesabu aina fulani ya seli za kinga ya mwili, kwa watu wanaoishi na VVU. Katika mashine nyingi za kipimo hicho, damu huchanganywa na kingamwili zilizofungwa kwenye rangi zenye fluoresensi, kisha seli hupitishwa moja baada ya nyingine, kwa mstari, mbele ya mwale wa leza, ambao mara nyingi ni wa buluu wenye nanomita 488. Seli inapokatiza mwale, mwanga uliotawanyika mbele hueleza ukubwa wake, uliotawanyika pembeni hueleza chembechembe zilizomo ndani yake, na rangi inayong'aa husema kama seli hiyo imebeba alama ya CD4. Maelfu ya seli huhesabiwa kwa sekunde chache. Tangu mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani linapendekeza kila mwenye VVU aanze dawa bila kusubiri idadi ya CD4, lakini kipimo hakijapoteza kazi: idadi iliyo chini ya 200 kwa kila maikrolita ya damu humwonyesha daktari kwamba mgonjwa yuko katika hatua ya juu ya ugonjwa na anahitaji kuchunguzwa haraka kwa kifua kikuu na homa ya uti wa mgongo inayosababishwa na fangasi.

Mfano wa pili ni picha ya tabaka za retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga), inayojulikana kwa kifupi cha OCT, iliyotangazwa mwaka 1991 na watafiti wa Massachusetts, Marekani. Inafanana na altrasaundi, ila badala ya mwangwi wa sauti inatumia mwangwi wa mwanga. Kwa kuwa mwanga husafiri karibu kilomita 300,000 kwa sekunde, hakuna saa ya kawaida inayoweza kupima kuchelewa kwake ndani ya jicho. Mashine hulinganisha mwanga uliorudi kutoka kwenye jicho na ule uliorudi kutoka kwenye kioo, na mwingiliano wa mianga hiyo miwili ndio unaoonyesha kina. Mashine za sasa zina spektromita ndani yake, au leza inayobadilisha rangi kwa kasi kubwa. Mgonjwa wa kisukari huweka kidevu mahali pake, hutazama alama kwa sekunde chache, na daktari wa macho huona kama maji yamejikusanya katikati ya retina, kwa usahihi wa sehemu chache za elfu za milimita. Hakuna sindano wala kuguswa jicho, ingawa wakati mwingine mboni hupanuliwa kwa matone.

Madaktari wa meno nao wana kalamu ya leza nyekundu ya nanomita 655, ambayo huamsha fluoresensi ya mabaki ya bakteria kwenye jino linaloanza kuoza. Husaidia, lakini chakula na madoa vinaweza kuidanganya, kwa hiyo jino husafishwa kwanza.

Kile kifaa cha kubana kidole kinachopima oksijeni ni leza?

Hapana. Kina taa mbili ndogo za LED, moja nyekundu ya karibu nanomita 660 na nyingine ya infraredi (mwanga usioonekana kwa jicho) ya karibu nanomita 940, na kilitokana na kazi ya mhandisi Takuo Aoyagi wa Japani miaka ya mwanzo ya 1970. Hata hivyo ni spektroskopia kamili: damu yenye oksijeni na isiyo nayo hufyonza rangi hizo mbili kwa viwango tofauti, na kifaa hutazama tu sehemu inayopandashuka pamoja na mapigo ya moyo.

Nakitaja kwa sababu kimetufundisha somo chungu linaloihusu ngozi yetu. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2020 ulichukua wagonjwa ambao kifaa kiliwaonyesha oksijeni ya asilimia 92 hadi 96, ukalinganisha na damu ya mshipa wa ateri iliyopimwa maabara. Oksijeni halisi ilikuwa chini ya asilimia 88 katika vipimo 11.7 kati ya kila 100 vya wagonjwa weusi, dhidi ya 3.6 vya wagonjwa weupe. Melanini ya ngozi hufyonza mwanga, na kifaa kilichosahihishwa zaidi kwa watu wenye ngozi nyeupe hukosea kwa upande wa hatari, yaani humwonyesha mgonjwa ana nafuu ambayo hana. Kifaa hicho kinaokoa maisha na kisiachwe. Lakini mgonjwa anayehema kwa shida, midomo ikibadilika rangi, asirudishwe nyumbani kwa sababu kidole kimesoma 94. Kila kifaa kipya cha mwanga kinachopita kwenye ngozi kinapaswa kuulizwa kilijaribiwa kwa watu wa rangi gani.

Je, leza inaweza kuona ndani ya mwili mzima kama CT au MRI?

Haiwezi. Tishu huutawanya mwanga kama ukungu unavyotawanya taa za gari. OCT huishia milimita moja au mbili kwenye ngozi, na Raman ya kawaida husoma sehemu ya juu tu. Mwanga mwekundu na wa infraredi iliyo jirani yake, kati ya takriban nanomita 650 na 950, hupenya zaidi kwa sababu hapo hemoglobini na maji vyote hufyonza kidogo, lakini picha yake hupoteza makali kadiri unavyokwenda chini. Ndani ya mwili hatuna budi kuupeleka mwanga kwa nyuzi za kioo, kupitia koo, utumbo au mshipa.

Kuna njia moja inayolizunguka tatizo hili kwa namna ninayoipenda. Alexander Graham Bell aligundua mwaka 1880 kwamba mwanga unaokatizwakatizwa hufanya vitu vitoe sauti. Leo leza hupiga tishu kwa mapigo ya nanosekunde chache, damu huufyonza mwanga, hupata joto dogo mno, hutanuka ghafla na kutoa wimbi la sauti, na wimbi hilo hupokewa na kifaa cha altrasaundi. Sauti haitawanyiki sana kama mwanga, hivyo picha ya mishipa inapatikana hadi kina cha sentimita kadhaa. Mwaka 2021 mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani, FDA, iliidhinisha mashine inayounganisha njia hii na altrasaundi kwa uchunguzi wa uvimbe wa matiti.

Ni kweli kwamba leza inatumika wakati wa upasuaji wa ubongo?

Ni kweli, katika vituo vichache. Daktari anayetoa uvimbe wa ubongo hukabiliwa na swali zito kila dakika: tishu hii niliyofikia ni saratani, au ni ubongo wenye afya ambao nikiukata mgonjwa ataamka hawezi kusema? Mwaka 2015 timu ya Montreal, Kanada, ilichapisha matokeo ya kalamu ya Raman inayogusishwa kwenye ubongo ulio wazi na kusoma kwa sehemu ya sekunde. Kwa wagonjwa 17 ilitambua seli za saratani kwa usahihi wa zaidi ya asilimia 90, zikiwemo zile zilizokuwa zimepenyeza kati ya tishu zenye afya.

Njia nyingine haigusi ubongo bali kipande kilichotolewa. Kwa kawaida kipande hicho hugandishwa, hukatwa, hutiwa rangi na kutazamwa kwenye hadubini, kazi ya dakika 20 hadi 30 huku mgonjwa akiwa bado kwenye usingizi wa dawa. Leza mbili zinazofanya kazi kwa pamoja huamsha ishara ya Raman iliyoimarishwa na kutoa picha inayofanana na ya patholojia (uchunguzi wa tishu kwa hadubini) bila kutia rangi. Katika utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2020, uliohusisha wagonjwa 278, programu ya akili mnemba ilizisoma picha hizo chini ya sekunde 150 na kupata usahihi wa asilimia 94.6, huku wataalamu wa patholojia waliotumia njia ya kawaida wakipata 93.9. Zingatia kwamba programu na wataalamu hawakukosea kwa wagonjwa walewale. Ndiyo sababu ninaamini kazi yake ni kumsaidia mtaalamu wa patholojia, hasa mahali alipo mmoja kwa mkoa mzima.

Ugonjwa unaweza kupimwa kwa pumzi?

Baadhi, ndiyo. Kipimo kilichokomaa zaidi ni cha Helicobacter pylori, bakteria wanaosababisha vidonda vingi vya tumbo. Mgonjwa hunywa urea iliyotengenezwa kwa kaboni-13, ambayo haina mionzi. Bakteria wakiwepo, huivunja, na kabonidayoksaidi yenye kaboni hiyo nzito kidogo hutoka kwenye pumzi, ikapimwa kwa infraredi, wakati mwingine kwa leza. Mgonjwa anayetumia dawa za kupunguza asidi, kama omeprazoli, hutakiwa kuziacha kwa wiki mbili kabla, na antibayotiki kwa wiki nne, la sivyo majibu yanaweza kuwa hasi wakati bakteria wapo.

Vipimo vya pumzi kwa saratani au maambukizi bado viko kwenye utafiti. Vinavutia sana, lakini pumzi hubadilika kwa chakula, sigara na hata harufu ya chumba.

Kuna utafiti wowote unaofanyika kwetu?

Upo, na unastahili kujulikana zaidi. Watafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara, Tanzania, wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Glasgow, walichapisha mwaka 2019 kazi ya kutambua malaria kwenye matone ya damu yaliyokaushwa juu ya karatasi kwa kutumia infraredi na programu ya kompyuta. Mashine yao haikuwa ya leza, lakini wazo ni lilelile la kusoma molekuli bila vitendanishi. Chuo Kikuu cha Nairobi nacho kilichapisha mwaka 2017 kazi za Raman kuhusu kisukari na kuhusu VVU kwenye damu. Katika kazi ya VVU, badala ya kununua chembechembe ghali kutoka nje, watafiti walipaka kwenye vioo vya kawaida vya maabara gundi ya fedha inayopitisha umeme, na hiyo ikaimarisha ishara. Jambo kama hilo lina uzito kwangu kuliko mashine mpya ya mabilioni, kwa sababu maabara ya wilaya inaweza kulirudia.

Je, leza hizi zina mionzi inayoweza kuleta saratani?

Mwanga unaoonekana na wa infraredi hauna nishati ya kutosha kung'oa elektroni kwenye molekuli, tofauti na eksirei, kwa hiyo haukusanyiki mwilini kama dozi. Urujuanimno ndio unaoweza kuharibu vinasaba, na hutumiwa kwa tahadhari. Hatari halisi ni joto na macho. Lenzi ya jicho huukusanya mwale kwenye nukta moja ya retina, na leza ya infraredi ni mbaya zaidi kwa sababu jicho halioni hivyo halipepesi. Ukipewa miwani ya kinga, ivae hadi uambiwe uivue.

Kuna watu wanapima mwili mzima kwa kushikisha fimbo ya chuma iliyounganishwa na kompyuta. Hiyo ni spektroskopia?

Siyo. Ndugu yangu mmoja alilipia kipimo hicho mtaani, akaambiwa figo zake zimechoka na ini lina sumu, akauziwa dawa za miezi mitatu papo hapo. Nilimwomba arudie kipimo siku ileile kwa jina lingine na umri mwingine. Majibu yalikuwa tofauti kabisa, ingawa mkono ulikuwa ule ule.

Kifaa hicho hakitumi mwanga wowote, hakina kitu cha kugawa rangi, na fimbo ya chuma haiwezi kusoma ini. Maneno kama kwanta na mawimbi hayabadilishi hilo. Figo hupimwa kwa kreatinini ya damu na kwa mkojo, ini kwa vimeng'enya vyake. Inaniuma kuona watu wenye kipato kidogo wakilipia karatasi hizo, na zaidi inaniuma pale mwenye kisukari halisi anapoacha dawa zake kwa sababu kompyuta ilimwambia kongosho limepona.

Kwa nini vifaa vya Raman bado havijafika kwenye zahanati?

Bei ni sababu moja, lakini si kubwa kuliko zote. Tatizo zito zaidi ni kwamba programu inayosoma michoro hufundishwa kwa sampuli za watu fulani, kwa mashine fulani, na ikihamishwa kwenda kwa watu wengine wenye chakula kingine, maradhi mengine na dawa nyingine, usahihi unaweza kuporomoka. Kazi iliyofanya vizuri kwa sampuli 50 kwenye chumba chenye kiyoyozi inahitaji kurudiwa kwa maelfu ya wagonjwa, mahali penye vumbi na umeme unaokatika, ikilinganishwa kila mara na kipimo kinachoaminika.

Nikisikia kipimo kipya cha leza, nimwombe daktari wangu anipime nacho?

Mweleze unachoumwa, si mashine unayoitaka. Kwa malaria, kipimo cha haraka na hadubini vinatosha. Kwa uvimbe, kipande cha nyama kilichosomwa na mtaalamu wa patholojia bado ndicho kinachoamua. Kama una kisukari, ombi la kuchunguzwa retina kila mwaka ni la haki kabisa, na hapo ndipo huenda ukakalishwa mbele ya mwanga huu, kidevu kikiwa mahali pake, ukitazama alama ndogo bila kupepesa.